Fahamu: Cheti cha maadili mema kabla ya kazi
Nchini Kenya, mwajiri anayetaka kujua kama una rekodi ya uhalifu hukuagiza umletee cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa Sh1,050, unachapisha fomu C24 (pande mbili za karatasi moja, usisahau), kisha unachukuliwa alama za vidole, mathalan katika Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Alama hizo ndizo hulinganishwa na kumbukumbu za polisi, kwa kuwa majina hufanana.

Kinachowaudhi vijana ni kudaiwa cheti hata kabla ya kuitwa kwenye mahojiano. Wabunge wamewahi kupendekeza kidaiwe baada tu ya mtu kupewa kazi. Naona wana hoja: asiye na mshahara hulipia maombi yasiyojibiwa.