Kuku wa Nyama: Kupunguza Chakula sio Kuwanyima



Hapa Tassia kuku wa nyama hufugwa katika vyumba vidogo nyuma ya nyumba, na wengine hata juu ya paa. Swali tunaloulizwa sana ni hili: chakula ni ghali, je, tunaweza kukipunguza na kuku wakue sawa? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwa wakati wake, kwa siku chache, na kwa mpango.

Tuanze na hesabu. Mpaka wiki ya sita, kuku mmoja hula karibu kilo 3.5. Kuku 100 basi humaliza magunia 7 ya kilo 50. Hakuna kitu kingine kinachomeza pesa ya kikundi namna hiyo.

Kifaranga huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi, na kwa wiki sita hufika kilo 2. Nyama inakimbia, moyo na mapafu vinabaki nyuma. Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako oksijeni ni haba kuliko pwani. Ndiyo maana asubuhi mnamkuta kuku mnono amekufa chali, au tumbo limejaa maji. Wengine hulemaa miguu.

Akipunguziwa mwendo kidogo utotoni, mwili hupata nafasi ya kukomaa. Chakula kikirudi, hula kwa pupa na kufidia uzito. Watafiti Plavnik na Hurwitz wa Israel walilionyesha jambo hili mwaka 1985.

Lakini kubana chakula wiki ya tano kwa sababu pesa imeisha ni jambo lingine kabisa. Hiyo ni hasara tupu, maana siku za kufidia hazipo tena.

Fanyeni hivi:

1. Wiki ya kwanza wale washibe. Msiwaguse.

2. Siku ya 8 hadi ya 14, ondoeni vyombo vya chakula kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, kila siku saa zile zile.

3. Maji na joto visikosekane.

4. Vyombo viwe vya kutosha wote wale pamoja. La sivyo wanyonge watasukumwa na kukanyagwa.

5. Siku ya chanjo ya Gumboro au kideri, au wakiugua, msipunguze chochote.

6. Kuanzia siku ya 15, wale washibe mpaka kuuzwa.

Kama mnunuzi wenu huchukua kuku wa wiki tano, msijaribu, muda hautoshi.

Msianze na kundi zima. Gawanyeni vifaranga 50 huku, 50 kule. Kila wiki pimeni kuku 10 wa kila upande, na muandike chakula kilicholiwa, uzito na waliokufa. Baada ya kuuza, kaeni pamoja mfungue kitabu. Hicho ndicho kitakachowaambia kama faida ipo, sio maneno ya jirani wala haya yetu.