Mchoro, Kitabu na Mashine: Ujuzi wa Injini ya Mvuke Ulisafirije?

Shimo la dhahabu likishapita usawa wa maji ya ardhini, mchimbaji huongezewa kazi ya pili, nayo ni kutoa maji. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Kahama wanalifahamu vizuri jambo hili. Pampu ikizimika usiku, asubuhi shimo limejaa na watu wamekaa juu wakisubiri. Tatizo hilohilo, katika migodi ya Uingereza, ndilo lililozaa injini ya mvuke. Mwaka 1702 Thomas Savery alichapisha kitabu kidogo alichokiita Rafiki wa Mchimbaji, akiwaeleza wenye migodi jinsi moto unavyoweza kupandisha maji.

Mashine ya Savery ilifanya kazi hivi. Mvuke uliingizwa ndani ya chombo kilichofungwa, kisha chombo kikapozwa kwa maji baridi. Mvuke ulipogeuka kuwa maji, ndani kulibaki ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ya mgodi kupanda kwenye bomba. Lakini hewa ya nje haiwezi kuyapandisha maji kupita mita 10 hivi. Zaidi ya hapo ilibidi yasukumwe kwa mvuke wenye kanieneo kubwa, na maungio ya wakati ule hayakuustahimili. Mwaka 1712, karibu na Dudley, Thomas Newcomen alisimamisha injini ya silinda na pistoni iliyoendesha pampu ya mgodi, na hiyo ikaenea.

Ilieneaje? Hapa tutenganishe vitu viwili. Picha ya mashine humwonyesha mtu jinsi mashine inavyoonekana. Mchoro wa kiufundi humpa fundi vipimo vya kuitengeneza. Henry Beighton alitoa picha ya injini ya Newcomen mwaka 1717, nayo ni kazi nzuri sana. Mtu akiitazama huelewa boila iko wapi na boriti kubwa inapanda na kushuka vipi. Hata hivyo, fundi aliyekuwa na picha hiyo pekee asingejua unene wa silinda wala upana wa tundu la valvu.

Mchoro wa kiufundi huondoa upungufu huo kwa kukionyesha kitu kimoja mara kadhaa. Chukua silinda. Ukiitazama kutoka juu unaona duara. Kutoka mbele, mstatili. Duara halina urefu, na mstatili hausemi kama kitu ni cha mviringo au cha pembe nne. Ukiyaweka pamoja, umbo linajulikana lote. Kisha huongezwa mkato, yaani mchoro wa kitu kama kingekatwa katikati, ili unene wa chuma na njia za ndani zionekane. Mwisho ni skeli, inayoeleza sentimeta moja ya karatasi inawakilisha urefu gani wa chuma.

Uwezo huo wa mchoro ulionekana wazi kwa James Watt, aliyeiboresha injini ya Newcomen, na mshirika wake Matthew Boulton, walioungana mwaka 1775. Kwa miaka mingi hawakutengeneza injini nzima. Silinda ilitoka kwa John Wilkinson, aliyekuwa na mashine ya kuitoboa kwa usahihi. Vifaa vingine vingi vilitafutwa na mteja mwenyewe, na kazi ya kuunganisha ikafanyika mgodini, mara nyingi Cornwall. Watu ambao hawakuwahi kuonana walitengeneza vipande ambavyo ilibidi viingiliane. Kilichowaunganisha ni karatasi.

Karatasi hiyo, hata hivyo, haisemi kila kitu. Mchoro hauna wakati: hauelezi kipi kifungwe kwanza, valvu ipi ifunguliwe kabla ya ipi, wala maji ya boila yakipungua kiasi gani ni hatari. Ndiyo maana mwaka 1779 Watt alitoa maelekezo yaliyochapishwa ya kusimamisha na kuendesha injini zake. Mchoro unaeleza mashine ni nini. Kitabu kinaeleza jinsi ya kuishi nayo.

Ujuzi huo ulifika kwetu Afrika Mashariki kwa njia hiyohiyo. Meli ya mvuke William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, kwa kufungwa kwa bolti. Kila kipande kilitiwa namba, meli ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuundwa upya, ikashushwa katika Ziwa Victoria mwaka 1900. Meli ya Goetzen, ambayo leo ni Liemba, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kuelea mwaka 1915. Lakini pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa kiwanda hicho. Namba na michoro vilihitaji mikono iliyozoea kuvisoma. Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilipofika Mwanza mwaka 1928, vichwa vya treni vya mvuke navyo vilihitaji watu wa namna hiyo.

Sasa turudi kwa wachimbaji wetu wa dhahabu, tuangalie karasha la kusagia mawe yao. Mafundi wa kuchomelea wa maeneo kama Nyarugusu na Kahama huliunda kwa kutazama lingine, na wengi wana jicho kali na mkono hodari. Ugumu huanza baadaye. Shafti ikikatika, mwenye karasha hana kipimo cha kuagizia nyingine, maana kila karasha lina vipimo vyake. Rashi, yaani mmiminiko wa wachimbaji kwenye dhahabu mpya, ikitokea kwingine, fundi huhama, na ujuzi wa mashine ile huondoka naye. Kijana wake hujifunza kwa kusimama kando tu, na kosa la mashine ya kwanza hurudi katika ya kumi, kwa kuwa hakuna mahali lilipoandikwa.

Kwa maoni yangu, upungufu wa karakana zetu hauko katika ustadi. Uko katika karatasi, na kuuondoa si gharama kubwa: michoro ya pande tatu yenye vipimo, mkato mmoja, namba ya kila kipande, na kurasa chache za Kiswahili zinazoeleza jinsi ya kuwasha, kuzima, kupaka grisi na kukaza mkanda. Fundi anayeuza karasha akabidhi karatasi hizo pamoja na mashine, na mnunuzi asilipe fedha ya mwisho kabla hajazipata.