Engaruka, Mji wa Kale Kando ya Mifereji

Watu wengi wakisikia habari za miji ya kale na mifereji yake, hudhani ni mambo ya nchi za mbali, kama vile Misri. Lakini sisi tukaao Karatu tuna mahali pa namna hiyo karibu nasi, napo ni Engaruka.

Ukitaka kupazuru, shuka kutoka Karatu mpaka Mto wa Mbu. Kisha geuka upande wa kaskazini, ufuate chini ya ukuta wa Bonde la Ufa mwendo wa kilometa 60 hivi. Nchi ile ni kavu, na mvua yake ni haba. Ndipo utakapostaajabu kuuona mto wa maji ukitoka katika milima ya Ngorongoro na kushuka uwandani. Mto huo ndio uliowalisha wenyeji wa zamani.

Panda kwanza mtelemkoni. Hapo palikuwa na vijiji saba. Mahali pa kila nyumba palisawazishwa, pakazungushiwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, ngazi juu ya ngazi. Nyumba zenyewe zimepotea, lakini mawe yamebaki.

Sasa tazama chini. Utaona mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa safu za mawe, eneo la hekta 2,000 hivi. Mifereji mikubwa ilianzia mtoni ikafuata ubavu wa mlima, nayo ilitelemka kidogo kidogo tu. Maana maji yakienda mbio hula udongo, na yakisimama hayafiki shambani. Kutoka hapo yaligawanywa katika mifereji midogo. Tena maji yalichukua matope, na matope yalipozuiwa na kuta fupi yalitua, yakawa udongo mzuri. Basi watu wale hawakunywesha mashamba tu, bali mahali pengine waliyaumba. Walilima mtama, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Kazi kama hiyo si ya mtu mmoja. Wa juu akiyazuia maji, wa chini hulala njaa. Na mfereji usiposafishwa huziba. Bila mapatano, maelfu ya watu wasingeweza kukaa pale.

Wenyeji walikaa huko tangu karne ya 15 hata karne ya 18, kisha wakahama. Wataalamu wengine husema maji yalipungua, wengine udongo ulichoka, wengine vita viliwafukuza. Wengine huwahesabu Wasonjo kuwa wazao wao, na wengine Wairaqw, ambao baadhi yao wanakaa Karatu. Mwaka 1883 Dr. Fischer, Mjerumani, alipita pale akaandika habari za magofu; na mwaka 1935 Louis Leakey alikwenda kuyachunguza.

Lakini jambo moja laonekana kwa macho. Mifereji mingine huanzia penye makorongo ambayo siku hizi hupata maji wakati wa mvua tu. Mto wa Engaruka ungali ukitiririka, na wakulima wa leo hunywesha mashamba yao kwa maji yake. Maji hayo hutoka katika milima ya Ngorongoro, na msitu wa milima hiyo hutupa na sisi wa Karatu maji yetu. Kwa hiyo ufikapo Engaruka, usiondoe hata jiwe moja. Na urudipo kwenu, usikubali msitu ule ukatwe.

Maswali
1. Kwa nini mfereji ulitelemka kidogo kidogo?
2. Matope yaliwafaa nini wakulima?
3. Kijijini kwenu, ni nani wanaosafisha njia ya maji?