Moto Umepoa: Uongeze Gesi au Hewa?

Unajua moto wa jiko la gesi ukiwa wa njano, sufuria inashika masizi. Mara nyingi shida ni hewa: haitoshi kuunguza gesi yote. Sasa ipeleke shida hiyohiyo kwenye kiwanda cha sufi ya kioo, ile inayowekwa darini na ukutani kuzuia joto. Huko hasara yake si sufuria ya kusugua tu.

Sufi hii inatengenezwaje? Kioo kilichoyeyuka, chenye joto la takriban sentigredi 1,000, humiminwa kwenye kikombe cha chuma kinachozunguka kwa kasi kubwa. Ubavuni kina maelfu ya matundu, na kioo huchuruzika kupitia humo. Kukizunguka kuna kichomeo cha umbo la pete kinachopuliza gesi za moto kuelekea chini. Moto huo unafanya kazi mbili kwa mpigo: unakiacha kioo kikiwa laini, na unakivuta hadi kiwe uzi wa mikromita chache tu. Moto ukipoa, kioo kinagoma kuvutika. Nyuzi zinatoka nene, na kwa uzito uleule, sufi ya nyuzi nene inazuia joto kidogo zaidi.

Basi si tupime joto, likishuka tuongeze gesi? Subiri kwanza. Ujazo 1 wa methani unahitaji ujazo 9.5 hivi wa hewa ili uungue wote. Hewa ikizidi, ile ya ziada inakula joto bure. Ikipungua sana, gesi haiungui yote, na inatokea kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu. Hali zote mbili zinapooza moto! Kipimajoto kinakwambia moto umepoa, ila hakikwambii kwa sababu ipi. Ukiongeza gesi wakati hewa tayari ni pungufu, ndiyo kwanza unazidi kuupooza.

Na uwiano huu hubadilika bila mtu kugusa vali. Tuseme asubuhi hewa ina sentigredi 20, mchana 35. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa imetanuka, hivyo oksijeni imepungua kwa karibu asilimia 5. Kama asubuhi uliweka ziada ya hewa ya asilimia 3 na gesi haijabadilika, mchana una upungufu.

Dawa ni kupima mchanganyiko wenyewe. Njia mojawapo ni kuchota sampuli ya gesi na hewa kabla haijafika kwenye kichomeo, kuiunguza kwenye chumba kidogo cha pembeni, kisha kupima oksijeni iliyobaki. Kwa nini isipimwe palepale kwenye moto? Kwa sababu hewa ya nje huingia na kuvuruga kipimo. Oksijeni ikibaki, kuna hewa ya ziada. Isipobaki kabisa, hewa huenda ni pungufu. Uwiano ukishakaa sawa, ndipo unaongeza au kupunguza mchanganyiko wote kupata joto unalotaka.

Kwa hiyo siku ukiona moto wa njano jikoni, usikimbilie kufungua gesi zaidi. Angalia kwanza kama hewa inapita.