Masisi na Walikale: Benki ikifungwa, noti nayo inaugua

Mwalimu wa Masisi anaweza kuwa na mshahara kwenye simu na bado akarudi nyumbani bila chumvi. Wakala hana noti, na aliye nazo anadai kamisheni kubwa. Ndivyo wakaaji wengi walivyoishi baada ya benki za Goma kufungwa mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipouteka mji huo.

Kwa kawaida mgogoro wa benki na ule wa sarafu huambukizana. Benki ikitetereka, wateja wanakimbilia kutoa akiba na kununua dola, na franka inashuka. Franka ikishuka, mfanyabiashara aliyekopa dola huku akiuza kwa franka anashindwa kulipa, na benki inazidi kudhoofika.

Wakongo waliliona hilo mwaka 2016. Benki ya BIAC iliishiwa pesa baada ya Benki Kuu kusimamisha mikopo iliyokuwa ikiitegemeza, na wateja wakaruhusiwa kutoa kidogo tu. Mwaka huo dola moja ilipanda kutoka karibu franka 930 hadi zaidi ya 1,200. BIAC haikuwa sababu pekee, kwani bei ya shaba pia ilikuwa imeanguka, lakini hofu ilizidisha mbio za kutafuta dola.

Kivu Kaskazini, ugonjwa ulipitia njia nyingine. Franka haikujaa sokoni, bali ilikosekana. Masisi na Walikale hutegemea Goma kwa noti, na ofisi ya Benki Kuu huko ilisimama. Noti zilizobaki zilichakaa mikononi, na wauzaji wakazikataa zilizopasuka.

Dola nazo zilipungua. Mapigano yalipoisogelea Walikale Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wa bati wa Bisie, kisha ikaanza kurudi kazini Aprili.

Mwezi huohuo wa Aprili M23 ilifungua tena CADECO mjini Goma. Lakini benki iliyokatwa na Benki Kuu haina mahali pa kupata noti mpya: inagawa zilezile inazoletewa na wateja wake.

Ndiyo maana mkulima wa maharagwe anaficha dola nyumbani au kununua ng'ombe. Benki iliyofungwa haimwibii, lakini wenye silaha wanajua pesa iko wapi.