Kwa nini mashine ya fotokopi huhifadhi kurasa zako

Mwaka 2010, kituo cha televisheni cha CBS cha Marekani kilinunua mashine nne za fotokopi zilizotumika kutoka bohari moja jimboni New Jersey. Moja ilikuwa imekodiwa awali na Affinity, taasisi ya bima ya afya ya New York. Diski yake ilikutwa na kurasa za taarifa za wagonjwa: dawa walizoandikiwa, majibu ya vipimo vya damu, hata ugonjwa wa saratani.

Diski inafanya nini ndani ya fotokopi?

Fotokopi za zamani zilimulika karatasi na kupeleka taswira yake moja kwa moja kwenye dramu ya kuchapia. Za kisasa huskani kwanza, ndipo huchapa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi huwa na nukta takriban milioni 35. Ukiwa wa rangi, kabla ya kubanwa, hufikia megabaiti 100 hivi; kurasa 50 ni kama gigabaiti 5.

Memori ipo na ina kasi; ndiyo hushika ukurasa unaoshughulikiwa. Lakini kwa miaka mingi bei yake ilizidi mno ile ya diski ya ukubwa uleule, na umeme ukikatika hupoteza kila kitu. Diski haisahau. Ndiyo inayotunza foleni ya kazi za ofisi nzima, nyaraka zinazosubiri mwenyewe aingize namba ya siri, na ripoti iliyoskaniwa mara moja ili itoke seti ishirini zilizopangwa.

Kutosahau huko ndiko kunakoponza. Kazi ikiisha, mara nyingi mashine hufuta tu jina la faili kwenye orodha yake. Data yenyewe hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake.

Kwa sababu ya taarifa hizo za wagonjwa zilizobaki kwenye diski, mwaka 2013 Affinity ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola 1,215,780. Watu waliokadiriwa kuathirika walifikia 344,579.

Kwa hospitali, zahanati au maabara, kinga ipo. Washa usimbaji wa data na ufutaji wa baada ya kila kazi, kama mashine inavyo. Kabla ya kuiuza au kuirudisha kwa aliyeikodisha, fundi aandike data mpya juu ya diski yote au aitoe iharibiwe, na akupe uthibitisho wa maandishi. Kuchomoa waya na kuzima swichi hakufuti chochote.