Okidi Inapoamka, Maji Yawe kwa Kiasi

Ndugu wanachama, leo twaiweka karafuu kando kidogo tuseme juu ya ua la barazani.

Katika nyika za Handeni na Korogwe, juu ya mibuyu na miti mingine mikubwa, huota okidi ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Maua yake ni ya manjano yenye madoa ya hudhurungi, hata hufananishwa na chui. Hainyonyi utomvu wa mti; hukaa juu yake tu, na mizizi yake iliyosimama kama sindano hunasa majani makavu yanayoipa chakula.

Huko mvua ni za masika na vuli. Wakati wa ukame mmea hulala, ukiishi kwa maji uliyoyaweka akiba katika mashina yake manene. Manyunyu ya kwanza huulowesha, kisha jua na upepo huukausha upesi. Ndivyo ulivyozoea kuamka.

Visiwani kwetu hewa ina unyevu mwingi zaidi. Mtu akiona chipukizi hufurahi, akamwaga maji kila siku, chipukizi likaoza. Yafaa tukumbuke kwamba chipukizi hutangulia na mizizi mipya hufuata. Pasipo mizizi, maji hayana wa kuyanywa.

Basi tufanye hivi. Mmea tuuweke katika kikapu chenye vipande vya mkaa na makumbi, maji yapate kupita. Chipukizi likitokea, tuloweshe pembeni tu, asubuhi, kisha tungoje pakauke kabisa. Maji yasituame katikati ya majani machanga. Mizizi mipya ikifikia urefu wa kidole, tuongeze. Rangi ya mzizi itatuongoza: mkavu ni mweupe, uliolowa huonyesha ukijani. Ukiwa bado wa kijani, tungoje.

Jambo hili si la pambo tu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na porini haioti bila msaada wa kuvu. Miaka hupita kabla ya ua la kwanza. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini baina ya nchi. Kila mmea unaooza barazani huenda ukafanya mwingine ung'olewe nyikani.

Mwenye kichaka kilichostawi na akigawe, mashina matatu au manne kwa kila kipande, ampe jirani. Hivyo baraza zetu zitapambwa, na mibuyu ya Handeni ibaki na maua yake.